Neno "Efendi" katika Riwaya ya Sabahattin Ali

Riwaya ya Kituruki iitwayo Kürk Mantolu Madonna, yaani "Madonna mwenye koti la manyoya", ilitungwa na Sabahattin Ali (1907–1948). Ilitoka kwanza kwa sehemu katika gazeti la Hakikat, 1940 na 1941, kisha ikawa kitabu mwaka 1943. Atakayeifasiri kwa Kiswahili atakwama mapema, na litakalomkwamisha ni neno dogo: efendi.

Msimulizi ni karani kijana wa Ankara, aliyewekwa chumba kimoja na Raif Efendi, mfasiri wa Kijerumani. Raif ni mkimya. Hukaripiwa ofisini, na nyumbani hudharauliwa na jamaa anaowalisha. Alipozidiwa na ugonjwa alitaka daftari lake lichomwe moto, na msimulizi akamsihi amwachie alisome usiku mmoja. Humo mna habari za ujana wake Berlin, alikopelekwa na baba yake kujifunza kazi ya sabuni. Huko alisimama mbele ya picha ya mwanamke, kisha akampenda mchoraji mwenyewe, Maria Puder. Kifo cha baba kikamrudisha kwao. Barua zikakoma, naye akadhani ameachwa. Miaka kumi baadaye akapata kujua kwamba Maria alikufa kwa uzazi, na ya kuwa mtoto yule alikuwa wake.

Basi mtu huyu aitweje? Efendi, neno lenye asili ya Kiyunani, hapo kale lilikuwa heshima ya wasomi wa Kituruki. Baadaye likashuka likawa la makarani wadogo na watumishi, wakubwa wakiitwa bey. Sheria ya mwaka 1934 ilizifuta heshima hizo zote, lakini vinywa vya watu havikuziacha. Kwa hiyo "Raif Efendi" ni adabu na dharau kwa pamoja.

Kiswahili kinalo neno lilo hilo, nalo ni afande. Ila limepita njia ya jeshi, likapanda pale ambapo la Kituruki lilishuka. Afande huamuru, efendi huamriwa. Kusema "Afande Raif" ni kumvika mnyonge huyu magwanda. "Bwana Raif" huleta heshima bila dharau. "Karani Raif" huleta dharau bila heshima. Na "Mzee Raif" humzeesha mtu ambaye ujana wake haujapita mbali.

Yamkini lililo bora ni kuliacha efendi kama lilivyo, na kuyaachia masimulizi yenyewe yalifafanue. Kwani hapo ndipo penye kiini cha kitabu: mwanzoni msomaji hulisikia jina hilo kwa sauti ya ofisi, akamhesabu Raif kuwa si kitu, daftari likiisha kusomwa, jina ni lile lile, bali aliyekosea hesabu ni msomaji. Mfasiri akilibadili neno, atampokonya msomaji kosa ambalo mtunzi alikusudia alitende.