Cherehani Nayo Ni Ufundi

Ndugu msomaji, umwonapo mama akishona kwa cherehani, huenda ukadhani kuwa kazi hiyo ni nyepesi na kwamba kila mwanamke huzaliwa nayo. Dhana hiyo ndiyo iliyowapunja akina mama wa kiwanda cha magari cha Ford huko Dagenham, mashariki mwa London.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili, wanawake wa Uingereza waliendesha mitambo iliyoachwa na wanaume waliokwenda vitani. Vita vilipokwisha mwaka 1945, wengi walirudishwa jikoni. Waliobaki viwandani waliendelea kulipwa ujira mdogo kuliko wa wanaume.

Huko Dagenham, akina mama walishona vitambaa vya viti vya magari. Ili kuajiriwa, iliwapasa kwanza kufaulu jaribio la ushonaji. Hata hivyo, kampuni ilipopanga upya madaraja ya kazi, iliwatia katika daraja B, la wenye ufundi mdogo, badala ya daraja C. Juu ya hayo, walilipwa asilimia 85 tu ya ujira wa mwanamume wa daraja hilo hilo la B.

Tarehe 7 Juni, 1968, akina mama 187 waligoma. Gari lisilo na viti haliuziki, na haikuchukua muda kiwanda kikasimama. Tarehe 28 Juni walikutana na Waziri Barbara Castle, wakakubali kurudi kazini kwa asilimia 92, na ujira kamili wa daraja B mwaka uliofuata. Mgomo huo ulichochea Sheria ya Malipo Sawa ya mwaka 1970, iliyoanza kutumika mwishoni mwa mwaka 1975.

Je, hayo ndiyo waliyoyadai? La. Walidai ufundi wao utambuliwe, na daraja C hawakulipata mpaka mwaka 1984, baada ya mgomo mwingine. Walingoja miaka 16.

Nchini Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri alipe sawa kwa kazi yenye thamani sawa. Lakini thamani hiyo hupimwa na nani? Basi, ndugu mfanyakazi, madaraja yanapopangwa mahali pako pa kazi, usiulize mshahara peke yake. Uliza pia ni kazi ya nani iliyoitwa ufundi, na ya nani iliyoachwa bila jina.