Kumwita Samaki Chini ya Barafu

Chambo bandia, yaani kipande cha metali, mti au plastiki kilichotengenezwa ili samaki akidhanie kuwa ni chakula, kina kazi mbili ambazo mara nyingi huchukuliwa kana kwamba ni moja. Kazi ya kwanza ni kumwita samaki aliye mbali mpaka asogee, na ya pili ni kumfanya afungue kinywa akishasogea na kukikagua kwa karibu. Sifa zinazofaa kwa kuita, ambazo ni ukubwa, mng'ao na mtikisiko, ndizo hasa zinazoweza kumtia samaki shaka afikapo, na mahali ambapo mgongano huo hujionyesha waziwazi ni katika maziwa ya Ufini wakati wa majira ya baridi, ambako mvuvi hawezi kurusha mshipi wala kuuburura nyuma ya mtumbwi, bali huketi juu ya tundu lenye upana wa sentimita 11 hadi 15 hivi na kushusha chambo chake wima, akitegemea samaki aje mwenyewe.

Samaki anayetafutwa zaidi kwa njia hiyo ni perchi wa Ulaya, ambaye wanasayansi humwita Perca fluviatilis na ambaye Wafini humwita ahven na kumhesabu kuwa samaki wa taifa lao. Mgongo wake ni wa kijani kibichi, ubavuni ana mistari myeusi inayoshuka kuelekea tumboni, mapezi yake ya chini ni mekundu, na pezi la mbele la mgongoni lina miiba inayomchoma vibaya anayemshika bila uangalifu. Msomaji wa kandokando ya Ziwa Victoria asimchanganye na sangara, ingawa Kiingereza humwita sangara perchi wa mto Nile, kwa kuwa sangara ni wa ukoo mwingine kabisa na huweza kupita kilo 100, ilhali perchi wengi wanaotolewa barafuni huwa na gramu 100 au 200 tu, na yule anayefika kilo moja huwa mara nyingi ameishi zaidi ya miaka 10.

Ufini ina maziwa yapatayo 188,000, ukihesabu kila eneo la maji lenye ukubwa wa mita za mraba 500 au zaidi, na karibu yote huganda kila mwaka. Sheria ya nchi hiyo humruhusu kila mtu, mwenyeji kwa mgeni, kuvua kwa ndoana kupitia barafu bila leseni wala malipo, isipokuwa katika maji machache yaliyokatazwa, na vifaa vinavyohitajika ni vya bei ndogo: keekee refu la kutobolea barafu, ufito usiozidi nusu mita, mshipi wa nailoni, na jozi ya vijiti vyenye ncha za chuma vinavyoning'inizwa shingoni ili mtu akizama aweze kujivuta na kurudi juu. Barafu ngumu yenye unene wa sentimita 10 ndiyo inayoshauriwa kwa anayetembea kwa miguu. Kwa kuwa vifaa vingine vyote ni vyepesi kupatikana, fikra za wavuvi zimeelekezwa kwenye chambo, na hapo ndipo ufundi wao ulipostawi.

Uchaguzi wa chambo hauna budi kuanzia kwenye hali ya maji yenyewe. Maji huwa mazito kuliko wakati mwingine wowote yanapofikia nyuzi 4 za selisiasi, na kwa sababu hiyo maji ya chini kabisa ya ziwa lililoganda hubaki karibu na nyuzi hizo 4, huku yale yanayogusana na barafu yakiwa karibu na sifuri. Damu ya samaki hufuata joto la maji aliyomo, hivyo perchi wa majira ya baridi husaga chakula polepole, hutumia nguvu kwa ubahili na hakimbilii kila kinachopita. Hata hivyo halali usingizi wa majira mazima kama wafanyavyo baadhi ya wanyama wa kaskazini, bali huendelea kula, na hula mchana, kwa maana yeye ni mwindaji anayetegemea macho, ambaye giza likiingia hutulia karibu na sakafu ya ziwa.

Kwa kuwa macho ndiyo yanayomwongoza, suala la rangi lina uzito, lakini si kwa namna linavyoelezwa katika majedwali ya wauza vifaa, ambayo humpangia mvuvi rangi ya kila mwezi pasipo kuuliza anavua ziwa gani. Chembe za jicho la perchi zinazotambua rangi zimegawanyika katika aina mbili, moja inayopokea zaidi mwanga wa kijani na nyingine inayopokea zaidi mwanga mwekundu. Katika ziwa la maji maangavu, mwanga mwekundu ndio unaomezwa na maji mapema kuliko wa rangi nyingine, kiasi kwamba chambo chekundu kikishushwa mita kadhaa huonekana cheusi au cha kijivu, na hapo ndipo fedha, nyeupe na kijani hufaa. Lakini maziwa mengi ya Ufini yamezungukwa na vinamasi vya mboji iliyokaa maelfu ya miaka, na maji yake yana rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Maji hayo hufyonza mwanga wa buluu na wa kijani na kuuacha wa manjano na mwekundu, hivyo shaba nyekundu na rangi ya chungwa, ambazo katika ziwa la jirani zingefifia, humeremeta humo. Theluji nayo hubadili hesabu, kwani barafu tupu hupitisha mwanga mwingi, ilhali theluji ya kina cha magoti huzuia sehemu kubwa ya mwanga huo na kumlazimu samaki kutegemea zaidi mstari wa ubavuni, ambao ni mfululizo wa vitundu vyenye mishipa ya fahamu inayohisi mitikisiko ya maji.

Chambo kinachostahili kuelezwa kwa kirefu kuliko vyote ni kile cha wima, ambacho Wafini wamekuwa wakikitengeneza nyumbani kwa vizazi. Huwa ni kipande chembamba cha metali chenye urefu wa sentimita 4 hadi 8, mara nyingi kikiwa na mabamba mawili yaliyolehemiwa pamoja, upande mmoja shaba nyekundu na upande wa pili fedha au shaba ya manjano, ili kila kinapojigeuza mwangaza wake ubadilike. Mwenye nacho hukikwatua kabla ya safari, au hukiacha kichakae kwa makusudi ikiwa maji ni maangavu na samaki ni waoga. Chini yake huning'inia mnyororo wa sentimita chache, na mwisho wa mnyororo kuna ndoana ndogo iliyovishwa tone la rangi mfano wa ushanga, jekundu, la manjano au la kijani, ambayo juu yake hutungwa funza mmoja au wawili wa nzi.

Ubora wa chombo hiki umo katika kuzitenga zile kazi mbili. Bamba la metali halina haja ya kufanana na chakula, kwa sababu halikusudiwi kuliwa. Kazi yake ni kuanguka, kumeta na kumfikishia samaki aliye mbali habari kwamba kuna jambo. Samaki akifika hukuta, kando ya kile kinachong'aa, kitu kidogo chenye rangi na harufu ya uhai, kinachoyumba taratibu wakati bamba limekwisha kutulia, na hicho ndicho anachokila. Mtu anayekitazama mezani dukani anaweza kudhani kwamba mnyororo ule ni pambo, kumbe bila mnyororo ndoana ingetikisika pamoja na bamba na samaki asingepewa kitu cha kukiamini.

Aina ya pili ni chambo cha mizani, kinachoitwa hivyo kwa sababu hufungwa mshipi katikati ya mgongo na kuning'inia kimelala, kama samaki mdogo aliyesimama majini. Kina ndoana moja mdomoni, moja mkiani na ya tatu yenye ncha tatu chini ya tumbo, na nyuma kimewekwa pezi la plastiki ambalo, mvuvi akiinua ufito kwa ghafla, hukisukuma kando mpaka kichore duara pana na kurudi chini ya tundu. Lauri Rapala, mvuvi wa Ufini aliyeanza kuchonga vyambo vyake mwaka 1936, alivijenga vyambo vyake vya maji yasiyoganda juu ya jambo alilokuwa ameliona ziwani, kwamba samaki mla samaki humchagua katika kundi yule anayeogelea kwa kuyumba, na chambo cha mizani huitumikia kanuni hiyohiyo chini ya barafu. Perchi mdogo hula viumbe vidogo vinavyoelea majini, akikua kidogo hula wadudu na kamba wa sakafuni, na akikaribia sentimita 20 huanza kula samaki wenzake, wakiwemo watoto wa ukoo wake. Kwa hiyo chambo cha mizani cha sentimita 4 au 5 kwa kawaida huwachuja wadogo na kuwaita wakubwa. Udhaifu wake ni kwamba huita vizuri kuliko kinavyoshawishi, na ndoana yake ya tumboni hunasa ukingo wa chini wa barafu wakati ambapo samaki mzito ameshafika mlangoni, hasara ambayo humpata mara nyingi anayetoboa tundu jembamba.

Mormishka iko upande wa pili kabisa. Jina lake limetoka kwa Warusi, ambao katika baadhi ya maeneo yao humwita mormish kamba mdogo wa maji baridi anayeliwa sana na samaki. Ni tone la metali lenye upana wa milimita 3 hadi 5, lililomiminwa juu ya shina la ndoana, na linashushwa kwa mshipi mwembamba wa milimita 0.10 hivi. Zamani tone hilo lilikuwa la risasi, lakini sasa wengi hupendelea tangsteni, ambayo uzito wake kwa sentimita moja ya ujazo ni gramu 19.3 dhidi ya 11.3 za risasi, hivyo chambo kidogo zaidi huzama kwa kasi ileile. Iko sababu nyingine ya kuiacha risasi: ni sumu kwa ndege wa majini wanaoimeza, na Uingereza ilipiga marufuku machubwi madogo ya risasi tangu mwaka 1987.

Mormishka haimeti wala haichori duara. Mvuvi huitetemesha kwa vidole, huku utepe mwembamba wa plastiki au chuma uliofungwa kwenye ncha ya ufito ukimwonyesha mguso ambao mkono usingeuhisi. Juu ya ndoana yake hutungwa mabuu mekundu ya visubi vya ziwani, na baadhi ya wadudu wanaopaa juu ya Ziwa Victoria kwa wingi hata wakaonekana kama nguzo za moshi ni wa ukoo huohuo. Wekundu wa mabuu hayo hutokana na himoglobini, kitu kilekile kinachoifanya damu ya binadamu kuwa nyekundu, nacho huyawezesha kuishi katika tope lenye oksijeni haba. Kwa perchi wa katikati ya majira ya baridi, wekundu huo mdogo juu ya tope ni mlo wa kila siku, na pengine hiyo ndiyo sababu mojawapo ya tone jekundu kwenye ndoana ya chambo cha wima kuwa na nguvu kiasi kile.

Kutokana na hayo, mabadiliko ya majira hujipanga yenyewe. Barafu ya kwanza, inayoshika kati ya Oktoba na Desemba kulingana na eneo, huwa angavu, maji yana oksijeni tele, na perchi bado wamo kwenye vina vifupi vya mita moja hadi tatu. Chambo cha mizani au cha wima chenye mwendo mkali hufaa. Januari na Februari theluji huzidi, mwanga hupungua, samaki huhamia vinani, isipokuwa katika maziwa madogo ambamo oksijeni ya sakafuni huanza kuisha, na kinachotakiwa ni chambo kidogo kinachokaa karibu bila mwendo. Machi na Aprili jua hupanda, maji ya theluji inayoyeyuka hupenya matunduni yakiwa na hewa mpya, na perchi hukusanyika makundi makubwa kabla ya kutaga mayai mwezi wa Mei, wakiwa na njaa. Hapo metali inayong'aa hurudi mkononi.

Hata ndani ya siku moja uchaguzi haufungwi asubuhi. Mvuvi mzoefu hutangulia na chambo kinachoita, hukifikisha sakafuni, hukigonga mara mbili au tatu mpaka kipulize wingu dogo la tope, kisha hukiinua kwa kiasi cha shubiri moja na kukiacha kitulie, kwa maana perchi huuma zaidi wakati wa utulivu kuliko wakati wa mwendo. Akihisi miguso hafifu isiyoishia kwenye ndoana, anajua kwamba kuita kumefanikiwa na kuaminisha kumeshindwa, naye huweka kando ufito wa kwanza na kushusha mormishka aliyoiandaa kwenye ufito wa pili, kabla kundi halijaondoka. Asipohisi chochote kwa dakika chache huhamia tundu jingine, kwa sababu perchi hutembea kwa makundi na chambo hakiwezi kumwita asiyekuwepo.

Kwenye vina vinavyozidi mita 10 uchaguzi huo huathiri pia maisha ya samaki asiyetakiwa. Kibofu cha hewa cha perchi hakina njia ya kutolea hewa kupitia kooni, na anapovutwa haraka kutoka kina hicho hewa hutanuka kuliko anavyoweza kuipunguza, hata matumbo yake yakasukumwa kuelekea kinywani, hivyo mdogo anayerudishwa tunduni mara nyingi hubaki akielea chini ya barafu hadi afe. Wanaolijua hilo, wakivua penye kina kirefu, huacha mormishka ndani ya kisanduku na kufunga chambo cha mizani kikubwa kuliko vyote walivyonacho, wakikubali kuketi saa nzima bila kuguswa, ili anayepanda awe ni samaki waliyedhamiria kumpeleka nyumbani.