Damu ya Ng'ombe Mzazi

Ng'ombe wa maziwa akikaribia kuzaa hupungukiwa hamu ya kula wakati ule ule ambapo mwili wake wahitaji chakula zaidi. Na katika majuma matatu ya kabla ya kuzaa na matatu ya baada yake ndipo maradhi yake mengi huanza, aghalabu kabla mkamuaji hajaona dalili yoyote ya kumtia shaka.

Katika maji ya damu yake yote hamna ila gramu tatu hivi za kalsiamu, ilhali kila lita ya dang'a huchukua gramu mbili au zaidi, hata mkamuo wa kwanza peke yake waweza kudai mara kadhaa ya kile kilichomo mishipani. Upungufu huo sharti uzibwe na mifupa na matumbo, nayo huchukua siku moja au mbili kuitika. Na ng'ombe asiyeitikiwa upesi hupatwa na homa ya maziwa, akalala masikio baridi, shingo imepinda ubavuni, asiweze kuinuka. Mwaka 1897 Jürgen Schmidt, tabibu wa mifugo wa Kolding nchini Denmark, alidhani ni sumu izaliwayo kiweleni, akaingiza humo dawa yenye iodini, na wagonjwa wengi wakainuka. Baadaye ikadhihirika kwamba hata hewa tupu yatosha, maadamu kiwele kilichojaa huacha kuivuta kalsiamu. Dhana ilikuwa batili na tiba sahihi, jambo lisilo nadra katika utabibu. Mwaka 1925 watafiti Dryerre na Greig wa Uskoti ndio walioeleza kwamba kiini cha maradhi ni kupungua kwa kalsiamu katika damu.

Habari ya sukari ni ndefu zaidi. Kila kilo ya maziwa hudai gramu sabini hivi za glukosi, na ng'ombe haipati tumboni ila kidogo mno, kwa kuwa vijidudu vya tumbo lake kubwa huvichachusha vyakula vingi kwanza. Hivyo ini ndilo hulazimika kuiunda. Malisho yasipotosha, mafuta ya mwilini huyeyuka na kumiminika katika damu, na ini huchoma baadhi, huhifadhi baadhi hata likanenepa, na kilichobaki hukigeuza kuwa ketoni, ambayo kuu ni beta-hidroksibutireti. Ikifika milimoli 1.2 kwa lita, ng'ombe huhesabiwa kuwa na ketosisi iliyofichika, ingawa machoni pa bwana wake ni mzima.

Mwaka 1970 Payne na wenziwe, wa kituo cha utafiti cha Compton nchini Uingereza, walitangaza kipimo kilichotwaa damu ya ng'ombe saba wenye maziwa mengi, saba wa wastani na saba waliokaushwa, ili kulihukumu kundi zima na malisho yake. Hikima yao ilikuwa hapo: aliyetoka kuzaa kuyeyusha mafuta kiasi si ugonjwa, bali wengi wakizidisha kwa pamoja, kasoro itafutwe horini. Mfugaji wa Kiambu au wa Kilimanjaro mwenye ng'ombe wawili bandani hana kundi la kulinganisha, na kwake kilichobaki ni kumpima kila mmoja kwa wakati wake.

Siku hizi mkia huinuliwa, sindano ikachomwa katikati ya mfereji wa chini yake, na tone moja likaguswa na karatasi ya kipimo cha ketoni, kile kile kilichotengenezewa wagonjwa wa kisukari. Damu isitwaliwe katika mshipa mnene wa tumboni, japo washawishi kwa urahisi wake, kwa sababu kiwele huila ketoni na jibu litakuwa pungufu. Siku nayo ina hukumu yake: kalsiamu ikishuka siku ya kwanza baada ya kuzaa kisha ikarejea, huenda ni alama ya mkamuliwa hodari tu, ikiwa chini hata siku ya nne, hapo ndipo pa kumwita tabibu.