Kopo Lisilo na Pombe, Lakini Linalevya

Familia nyingi za Kiislamu zina desturi njema ya kusoma maandishi ya kopo kabla ya kununua kinywaji. Jicho hutafuta neno moja tu: pombe. Lisipoonekana, kopo huingia kapuni na moyo hutulia. Desturi hiyo imetuhifadhi kwa miaka mingi, lakini leo haitoshi. Nchini Marekani, maduka katika majimbo kadhaa yanauza vinywaji baridi vyenye ladha ya ndimu na matunda, visivyo na tone la pombe, na vinalevya. Kinacholevya humo ni THC, kiini kile kile kinachomlevya mvuta bangi.

Mlango wa biashara hii ulifunguliwa Desemba 2018, Marekani ilipopitisha sheria ya kilimo iliyoitoa hempu katika orodha ya dawa za kulevya. Hempu ni mmea wa jamii ya bangi unaolimwa kwa ajili ya nyuzi na mbegu. Tusiuchanganye na mkonge wetu unaotoa katani. Sharti lilikuwa kwamba THC isizidi asilimia 0.3 ya uzito wa mmea mkavu. Kipimo hicho kiliwekwa kwa ajili ya shamba, nacho hakikufikiria kinywaji. Kopo la mililita 355 lina uzito wa takribani gramu 355, na asilimia 0.3 ya uzito huo ni zaidi ya miligramu 1,000. Mtengenezaji akitia miligramu 10, kiasi kinachotosha kumlevya mtu asiyezoea, bado yumo ndani ya asilimia ile kwa umbali mkubwa.

Kila jimbo likashika njia yake. Minnesota, wanakoishi maelfu ya ndugu zetu Wasomali, iliruhusu vinywaji hivyo kuanzia Julai 1, 2022, kwa kikomo cha miligramu 5 kwa kipimo kimoja cha kunywa na kwa mnunuzi aliyetimiza miaka 21. California, Septemba 2024, ilipiga marufuku vyakula na vinywaji vya hempu vyenye THC inayoweza kugundulika. Texas, Bunge la jimbo lilipitisha marufuku, lakini Gavana Greg Abbott akaikataa Juni 2025. Hatimaye, Novemba 12, 2025, ilitiwa saini sheria ya taifa zima inayoshusha kikomo hadi miligramu 0.4 kwa chombo kizima, ianze kutumika baada ya mwaka mmoja. Kilichokuwa ruhusa kikawa marufuku kwa kubadilika kalamu.

Huenda msomaji wa Dodoma akauliza: haya yanatuhusu nini sisi wa Nkuhungu, Chang'ombe au Kondoa? Yanatuhusu kwa sababu tunao watoto na ndugu wanaosoma na kufanya kazi ughaibuni, na mizigo yao hufika nyumbani ikiwa na peremende, biskuti na vinywaji. Yanatuhusu pia kwa sababu bangi katika chakula si habari ya mbali tena. Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya imekwisha kutangaza kukamata, hapa nchini, biskuti zilizochanganywa na bangi. Kwa Sheria Na. 5 ya mwaka 2015, bangi ni dawa ya kulevya, na kuilima, kuiuza au kuwa nayo ni kosa la jinai. Kijana anayefungasha makopo mawili awaletee rafiki zake kwa kuwa "kule yanauzwa dukani" anaweza kujikuta mahakamani.

Liko jambo zito zaidi ya sheria ya nchi, nalo ni neno halali lenyewe. Vijana wetu wamezoea kulitumia kwa maana ya kile ambacho serikali haikukikataza. Abu Musa al-Ash'ari (R.A.), alipotumwa Yemen, alimuuliza Mtume (S.A.W.) kuhusu vinywaji viwili vya watu wa huko, kimoja cha asali na kingine cha nafaka. Sisi wa nyanda hizi za kati tunaviona vinywaji hivyo kana kwamba vimetajwa kwa ajili yetu, kwani wanzuki ni wa asali na pombe ya kienyeji ni ya mtama na uwele. Jibu la Mtume (S.A.W.), kama lilivyopokewa na Bukhari na Muslim, halikuchambua asali wala nafaka. Lilitaja athari, kwamba kila chenye kulevya kimeharamishwa. Na katika mapokezi mengine tunafundishwa kwamba kitu ambacho kingi chake hulevya, hata kidogo chake hakifai. Hivyo kikomo cha miligramu 5 kinaweza kuwa hoja mbele ya hakimu wa Minnesota, lakini mbele ya Mwenyezi Mungu si hoja.

Wala hili si suala jipya kwa wanazuoni. Hashishi ilipoenea katika miji ya Waislamu, Ibn Taymiyya, aliyefariki mwaka 1328, aliihukumu kuwa haramu ijapokuwa hailewi kwa kunywewa kama mvinyo. Zabibu za Dodoma nazo ni somo lililo mbele ya macho yetu: zikiliwa mbichi ni riziki njema, zikigeuzwa mvinyo hukumu hugeuka. Hali kadhalika, nyuzi za hempu kufumia nguo si tatizo. Tatizo ni kile kinachofunika akili.

Tunakumbuka viroba. Kwa miaka pombe kali iliuzwa katika vifuko vya plastiki vilivyotosha mfuko wa sare ya shule, mpaka Serikali ilipovipiga marufuku kuanzia Machi 1, 2017. Marufuku ile ilisaidia, lakini haikumlea mtoto wa mtu. Kazi hiyo imebaki nyumbani.

Basi wazazi tufanye nini? Kwanza, tusome kopo upya. Tusiishie kwenye neno pombe; tutafute pia THC, delta-9, hemp na cannabis. Pili, juisi na biskuti zisizo na jina la mtengenezaji wala alama ya ubora ya TBS zisiingie kwenye mkoba wa shule. Tatu, tuwaeleze vijana kwamba THC iliyoliwa huweza kuchelewa hata saa moja au mbili kabla ya kufanya kazi. Asiyejua huongeza kingine, kisha vyote humpanda kwa pamoja. Mtoto akionekana kusinzia kupita kiasi, kuyumba au kutapika, apelekwe hospitali mara moja pamoja na kopo au pakiti aliyotumia, na asilazimishwe kutapika.

Na kijana aliyekwisha kuzama asifichwe chumbani kwa kuogopa aibu ya majirani. Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili Mirembe ipo hapa hapa Dodoma. Kumpeleka mtoto kutibiwa ni sehemu ya amana tuliyopewa, na msikiti unaomsema kijana huyo kwenye baraza bila kumshika mkono umeiacha nusu ya kazi yake.

Sheria za dunia zitaendelea kupanda na kushuka, jimbo kwa jimbo, mwaka kwa mwaka. Akili ya mwanao ni moja, na utaulizwa juu yake. Wabillahi tawfiq.