Mashine tumesikia, na dawa je?

Kila mdahalo lazima mtu aahidi kaunti yake mashine ya PET ya saratani. Makofi pwa pwa pwa. Mimi nauliza: na dawa je?

Hiyo mashine peke yake haioni kitu. Mgonjwa anadungwa kwanza sukari yenye miale, inaitwa FDG. Saratani nyingi hufyonza sukari kwa pupa, ndio zinang'aa kwenye picha.

Shida ni saa. Kila dakika 110, nusu ya nguvu yake imeisha. Si Panadol ati uweke stoo. Ikitoka kwa mtambo wa saiklotroni halafu ikwame njiani saa nne, haibaki hata robo.

Shangazi yangu alishawahi kurudishwa nyumbani bila picha. Mashine ilikuwa nzima. Dawa ndiyo haikufika.

Kwa hivyo muulizeni: saiklotroni iko umbali gani?