MKAGUZI WA RELI NA NJIA ZA MASHARIKI YA NAIROBI

Mtu akisimama asubuhi na mapema katika stesheni ya Makadara, huliona garimoshi litokalo Ruiru na Dandora likipita limejaa watu waendao kazini mjini. Wengine wana magazeti mikononi, wengine wana watoto migongoni. Kila mmoja ana hofu yake: hofu ya kuchelewa, hofu ya karo, hofu ya mwenye nyumba. Lakini ni wachache mno wanaoihofia njia ya chuma iliyo chini yao. Huiamini kama mtu anavyouamini ukuta wa nyumba anamolala. Imani hiyo haikuja bure. Yuko mtu anayelipwa ili aitilie shaka njia hiyo kwa niaba yao wote, naye ni mkaguzi wa usalama wa reli.

Kazi hii ni ya zamani kuliko mji wenyewe wa Nairobi. Huko Uingereza, reli zilipoanza kuenea, kila kampuni ilijisifu kuwa njia yake ni salama kuliko za wengine. Bunge halikuridhika na sifa hizo, na mwaka 1840 likatunga sheria iliyoipa serikali uwezo wa kuweka wakaguzi wake yenyewe. Wakaguzi wa kwanza walitolewa katika kikosi cha wahandisi wa jeshi, watu wasiokuwa na hisa wala cheo katika kampuni yo yote ya reli. Desturi hiyo ilifika huku pamoja na reli. Kazi ya kutandika njia ilianza Mombasa mwaka 1896, na reli ikafika Nairobi mwezi wa Mei 1899. Mwaka huo huo Sir Guilford Molesworth, mhandisi aliyekuwa ametumika miaka mingi katika reli za India, alitumwa kuja kuikagua kazi hiyo na kuitolea taarifa. Msomaji atafahamu, basi, kwamba kabla Nairobi haijawa mji wenye maduka na mitaa, ilikuwa imekwisha kuwa mahali pa kukaguliwa.

Baadaye ndipo ilipotokea mitaa ya Mashariki. Muthurwa na Makongeni ilijengwa kwa ajili ya watumishi wa reli na jamaa zao, na watoto waliozaliwa humo walijifunza saa kwa honi ya karakana kabla hawajajifunza kuisoma ukutani. Njia ya kwenda Thika ilifunguliwa mwaka 1913, ikaendelezwa hatimaye mpaka Nanyuki. Siku hizo sehemu kubwa ya nchi iliyopitiwa na njia hiyo ilikuwa mbuga tupu. Leo ni Umoja, Dandora, Mwiki na Githurai, nyumba juu ya nyumba, na reli ile ile inapita katikati yao kama mto upitao kijijini.

Je, mkaguzi hufanya nini hasa? Wengi hudhani kwamba kazi yake ni kukaa ofisini na kupiga mihuri. La! Sehemu kubwa ya kazi yake ni kutembea kwa miguu, macho yakiwa chini. Huchukua kipimo chake na kuhakikisha kwamba reli mbili zimeachana milimita 1,000 barabara, maana huo ndio upana wa njia ya zamani. (Njia mpya ya Mombasa, iliyofunguliwa mwaka 2017, ina upana wa milimita 1,435, kwa hiyo mkaguzi wa leo hana budi kuzijua njia mbili.) Penye kona hutazama kama reli ya nje imeinuliwa kidogo kuliko ya ndani, ili behewa lisitupwe nje kwa mwendo wake. Hutazama mataruma, kama ni mazima au yameoza. Hutazama boliti, kama zimekazwa, tena kama zipo, kwa kuwa chuma cha reli kina wanunuzi wasiouliza kilikotoka. Mtu akiiba boliti chache na kuziuza kwa uzito wake, hupata fedha isiyotosha hata mlo wa jioni, na huku nyuma ameacha pengo ambalo garimoshi zima litapita juu yake.

Zamani magurudumu yalipimwa kwa sikio. Mtu alipita na nyundo ndogo akigonga moja moja. Lililo zima lililia kama kengele, na lenye ufa lililia kama chungu kilichopasuka. Siku hizi kuna vyombo vinavyopeleka mawimbi ya sauti ndani ya chuma na kuonyesha ufa ambao jicho haliwezi kuuona. Hata hivyo wazee wa kazi bado husema kwamba chombo hakimtoshi mtu asiyejua anachokitafuta.

Adui mkubwa wa njia katika upande huu wa mji si mwizi, bali ni maji. Udongo wa tambarare za Embakasi ni mweusi, wa mfinyanzi. Mvua ikinyesha huvimba, na jua likiwaka hupasuka nyufa za kuweza kumeza mkono. Kokoto zilizomwagwa chini ya mataruma kazi yake ni kuyapitisha maji yaende zake. Lakini mitaro ikijazwa takataka, maji hukaa, kokoto huchanganyika na matope, na kila garimoshi linapopita taruma hupanda na kushuka kama mtu anayehema. Mkaguzi akiona matope yametapikwa kati ya kokoto, hana haja ya kuambiwa zaidi. Wasafiri wa njia ya Mombasa walijifunza nguvu ya maji kwa gharama kubwa mwishoni mwa Januari 1993, mto uliofurika ulipolichukua daraja upande wa Mtito Andei, na garimoshi la abiria likatumbukia usiku. Zaidi ya watu 100 walikufa.

Kuna jambo lingine ambalo abiria halioni kamwe, nalo ni breki. Tarehe 12 Juni 1889, karibu na mji wa Armagh katika Ireland, garimoshi lililochukua watoto na wazazi wao kwenda matembezini lilishindwa kupanda mlima. Watumishi wakaamua kulikata vipande viwili ili injini ivute kipande kimoja kwanza. Breki zao zilikuwa za namna ya zamani: mabehewa yakitengwa na injini, breki zake hupotea. Mabehewa ya nyuma yakaanza kurudi mteremkoni, yakagongana na garimoshi lililokuwa likija, na watu wapatao 80 wakafa. Mkaguzi wa serikali aliandika taarifa yake, na mwaka huo huo Bunge lilitunga sheria kwamba kila garimoshi la abiria liwe na breki zinazojifunga zenyewe katika kila behewa, mabehewa yakikatika au mpira wa hewa ukipasuka.

Msomaji angeweza kusema kwamba hayo ni mambo ya kale, tena ya mbali. Lakini tarehe 24 Juni 2002, huko Igandu katika Mkoa wa Dodoma, garimoshi la abiria lililokuwa likipanda mlima lilisimama kwa hitilafu, kisha likaanza kurudi nyuma. Lilizidi mwendo mpaka likagongana na garimoshi la mizigo lililokuwa nyuma yake. Watu 281 walikufa. Miaka 113 ilikuwa imepita tangu Armagh, na mlima ulikuwa mwingine, lakini kifo kilikuwa kile kile. Sheria haiwezi kufunga breki. Breki hufungwa na kujaribiwa na mtu, kabla ya safari, kila safari, na ikiwa mtu huyo amechoka au ameharakishwa, karatasi iliyotiwa sahihi haitalizuia garimoshi mlimani.

Turudi Nairobi, mahali paitwapo Mutindwa, pale Umoja. Hapo barabara inakatana na njia ya reli, na soko limeota kando yake: viatu, sukuma wiki, simu za mkono, mahindi ya kuchoma. Tarehe 30 Oktoba 2013 asubuhi, basi lililojaa abiria liligongwa na garimoshi mahali hapo. Zaidi ya watu kumi walikufa na wengine wengi waliumia, karibu wote wakiwa watu waliotoka majumbani mwao dakika chache tu kabla, wakielekea kazini. Yalisemwa mengi siku hizo juu ya dereva. Mkaguzi, hata hivyo, hafundishwi kuanza na dereva. Hufundishwa kuanza na hesabu.

Hesabu yenyewe ni hii. Garimoshi liendalo mwendo wa kilomita 50 kwa saa hupita karibu mita 14 kwa kila sekunde. Basi lililosimama, likiwa limejaa, likianza kuvuka huhitaji kama sekunde kumi hata mkia wake utoke njiani. Katika sekunde hizo kumi garimoshi litakuwa limekwenda mita 140. Sasa, ikiwa vibanda vimejengwa hata dereva wa basi haoni zaidi ya mita 100 za reli, basi anaweza kusimama, akatazama kulia na kushoto kama sheria inavyotaka, akaona njia ni nyeupe, akaondoka, na bado akagongwa. Wala dereva wa garimoshi hawezi kumwokoa, kwa kuwa chuma juu ya chuma hakishiki kama mpira juu ya lami. Garimoshi zito huhitaji mamia ya mita ili lisimame. Kwa hiyo mkaguzi husimama penye kivuko, saa mkononi, akihesabu sekunde tangu garimoshi lionekane mpaka lifike. Hesabu hiyo ndiyo inayomwambia kama inatosha ishara ya barabarani tu, au panahitajiwa geti na mlinzi, au daraja la kupita juu.

Hapo ndipo kazi inapokuwa chungu. Kibanda kinachoziba macho ya dereva kina mwenyewe, na mara nyingi ni mama mwenye watoto shuleni. Mkaguzi anapofika na kipimo chake, akitia alama ya rangi juu ya ukuta wa mabati, watu hawamwoni kama mwokozi. Humwuliza kama amekuja na chakula cha watoto wao mkononi. Ni swali la haki. Vibanda vimevunjwa mara nyingi kando ya reli za Nairobi, na vikarudi, kwa sababu wateja wako hapo na kodi ya duka iko mbali na mfuko wa maskini. Afadhali uliokuwa mpango wa Kibera na Mukuru, uliosaidiwa na fedha za Benki ya Dunia, ambao waliokuwa wakiishi na kuuza ndani ya mpaka wa reli walihesabiwa kwanza na kujengewa nyumba na vibanda kabla ya kuhamishwa. Ulichukua miaka mingi na ulikuwa na malalamiko yake, lakini angalau haukuanza na tingatinga.

Liko pia swali la nani amkague nani. Baada ya Shirika la Reli la Afrika Mashariki kuvunjika mwaka 1977, Kenya iliunda shirika lake mwaka 1978. Mwaka 2006 uendeshaji ukakabidhiwa kampuni binafsi, mpaka mkataba huo ulipokoma mwaka 2017. Katika mabadiliko kama hayo mkaguzi hujikuta leo ni mtumishi wa huyu, kesho wa yule. Wahenga walisema mwamba ngoma huvutia kwake. Mtu ambaye mshahara wake hutoka kwa mwenye garimoshi, akiambiwa kwamba mabehewa yakizuiliwa abiria watakosa usafiri na fedha zitapotea, anahitaji moyo mgumu sana ili ashikilie neno lake. Tanzania ilichagua kuitenga kazi hii na mashirika ya reli: kwa sheria ya mwaka 2001 iliunda SUMATRA, na mwaka 2019 ikaweka LATRA mahali pake. Chombo cha namna hiyo hakimfanyi mtu kuwa jasiri, lakini humpunguzia sababu za kuwa mwoga.

Tangu mwaka 2020, treni za dizeli zilizonunuliwa Hispania zimechukua abiria wa mitaa hii, na safari zikaongezeka. Kila safari iliyoongezwa ni mvuko mmoja zaidi katika kila njia panda. Jioni, honi ikilia upande wa Dandora, wauzaji hukunja maturubai yao na kuvuta vikapu nyuma kwa mkono mmoja, bila hata kutazama, kama watu waondoao nguo kambani mvua inapoanza. Garimoshi hupita. Kabla vumbi halijatulia, nyanya zimekwisha kurudishwa mahali pake, na mkaguzi aliyesimama ng'ambo ameandika katika kitabu chake: sekunde saba.