Daraja lisilo na jina halina mtetezi

Wahenga walinena kuwa usiache mbachao kwa msala upitao. Methali hii hunijia kila nipitapo barabara kuu ya Thika, iliyofunguliwa rasmi na Rais Mwai Kibaki mwaka 2012. Siku hizi gari huuvuka mto Ruiru kwa kasi hata abiria hatambui kama pana mto.

Zamani haikuwa hivyo. Mwanzoni mwa karne ya 20, mji wa Thika uliitwa kwa Kiingereza Chania Bridge, yaani Daraja la Chania. Daraja ndilo lililoupa mji jina, na leo ni wachache wanaolikumbuka jina hilo.

Majuzi niliwachorea wanafunzi wangu, baadhi yao wenyeji wa Thika na Ruiru, daraja la mawe la kale. Nikawataka wataje sehemu zake kwa Kiswahili. Walitaja nguzo, kisha wakanyamaza. Mwishowe Kiingereza kikaziba pengo.

Ilhali maneno tunayo. Daraja la mawe husimama kwa tao. Waashi hutega kiunzi cha mbao, wakapanga juu yake mawe yaliyochongwa mfano wa kabari, kutoka kingo zote mbili hadi yakutane kileleni. Jiwe la mwisho likishatiwa, kiunzi huondolewa. Uzito ukija, kila jiwe humbana jirani yake, na mbano huo hushuka hadi kwenye misingi ukingoni. Jiwe huvumilia kubanwa, kuvutwa halivumilii. Kwa siri hiyo daraja la Mostar, nchini Bosnia, lililojengwa mwaka 1566, lilidumu karne nne na zaidi, hata mizinga ya vita ikaliangusha mwaka 1993. Wenyewe walilijenga upya, likakamilika mwaka 2004. Waliweza kwa kuwa walilijua jiwe kwa jiwe.

Sisi je? Neno daraja lenyewe limesafiri: asili yake ni Kiarabu, lenye maana ya ngazi au cheo, Waswahili wakalipa kazi ya kuvusha watu, na Wakikuyu wakalipokea kwa matamshi ya ndaraca. Haiwi neno livuke lugha tatu, kisha wenye neno washindwe kukieleza kitu chenyewe.

Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Turathi ya mwaka 2006 inaruhusu jengo la kihistoria kutangazwa kuwa turathi ya kuhifadhiwa. Lakini nani atakiombea hifadhi kitu asichoweza kukieleza?

Basi nawasihi walimu wa Thika na Ruiru: wapelekeni wanafunzi mitoni. Wapime madaraja ya zamani, wayachore, wahesabu nguzo na matao yaliyopo. Wawaulize wazee, na wachonga mawe wa Ndarugu, huita nini kila kipande. Kisha wayaandike majina hayo kwa Kiswahili, kabla tingatinga halijafika.

Mwacha mila ni mtumwa.